Jinsi Wenye Motokaa Walivyojifunza Kuzungumza na Injini Zao

Zamani fundi wa motokaa alitibu injini kama mganga amjuaye mgonjwa wake tangu utotoni. Aliinua boneti, akainamisha kichwa, akasikiliza. Alinusa moshi uliotoka nyuma. Alifungua plagi akaitazama ncha yake: ikiwa nyeusi kwa masizi, alijua kwamba petroli imezidi, ikiwa nyeupe kama chokaa, alijua kwamba hewa imezidi. Kisha alishika bisibisi, akaigeuza skrubu ya kabureta kidogo kidogo mpaka injini ikatulia. Hapakuwa na siri nyingi ndani ya mashine ile ambazo mtu mwenye akili na subira hangeweza kuzifumbua.

Leo mambo ni mengine. Injini hutawaliwa na kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya kisanduku. Hiyo ndiyo iamuayo petroli kiasi gani iingie katika silinda na cheche iwake wakati gani, nayo huamua hayo mara nyingi katika kila sekunde. Kompyuta hii haitoi sauti wala harufu. Ikiona ugonjwa katika injini, huuandika katika kumbukumbu yake, kisha huwasha taa ndogo ya manjano mbele ya dereva. Taa ile husema neno moja tu, kwamba kuna jambo. Ni jambo gani? Haisemi. Katika insha hii tutaona jinsi kompyuta ilivyoingia ndani ya motokaa, jinsi mlango wa kuzungumza nayo ulivyofunguliwa, na jinsi watu wa kawaida walivyojitengenezea mkalimani wao wenyewe kwa vipande vichache vya umeme vya bei ndogo.

Habari hii yaanzia katika moshi. Mwaka 1943 mji wa Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani, ulifunikwa na ukungu mchungu uliowasha macho na koo. Kwa kuwa ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wako waliodhani kwamba adui ametupa sumu. Miaka ikapita, vita vikaisha, na ukungu ukaendelea kurudi. Mtu aliyekifumbua kitendawili hiki ni Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa mwalimu katika chuo cha California Institute of Technology. Kazi yake hadi hapo ilikuwa kuchunguza harufu na ladha za mimea, hata ya nanasi. Aliutumia ujuzi ule ule kuichunguza hewa ya mji, na mapema katika miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli isiyoungua, pamoja na gesi za nitrojeni zitokazo katika injini, vikipigwa na jua huzaa ozoni na sumu nyingine. Basi adui aliyetafutwa angani alikuwa barabarani, nao watu wa mji walimpanda kila asubuhi kwenda kazini. Wenye mafuta walimbishia, lakini ushahidi ukashinda. California ilipounda halmashauri ya kulinda hewa mwaka 1967, Haagen-Smit alifanywa mwenyekiti wake wa kwanza.

Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya hewa safi. Ilidai kwamba sumu kuu za moshi wa motokaa mpya zipunguzwe kwa asilimia 90 katika miaka michache. Hapo kabureta ilianza kushindwa. Petroli huungua barabara pale kila gramu moja inapochanganywa na gramu 14.7 hivi za hewa, na chombo cha kusafisha moshi kitiwacho katika bomba la nyuma hakiwezi kufanya kazi yake yote ikiwa mchanganyiko huo unayumba huku na huku. Bisibisi ya fundi haikuweza kushika kipimo chembamba namna hiyo, mlimani na bondeni, asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali. Mwaka 1976 kampuni ya Volvo ya Uswidi ilianza kupeleka California motokaa zenye kipimio cha oksijeni kilichotengenezwa na Bosch wa Ujerumani. Kipimio hicho, ambacho mafundi wetu hukiita sensa, kilikaa ndani ya bomba na kuunusa moshi saa zote. Lakini pua yahitaji ubongo wa kuipokea harufu. Ubongo huo ndio kompyuta.

Kwa motokaa zake za mwaka 1981, kampuni ya General Motors ilitia kompyuta katika karibu kila gari dogo lililouzwa Marekani. Chini ya dashibodi iliweka soketi ndogo. Kusudi la kwanza la soketi hiyo lilikuwa kuwawezesha wafanyakazi wa kiwandani kuipima kompyuta kabla gari halijatoka mlangoni. Mwenye gari hakukumbukwa sana katika jambo hilo. Hata hivyo mlango ukiwepo, hapana budi atatokea mtu wa kuusukuma. Mafundi walijua upesi kwamba kipande cha waya, hata kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, kikiunganisha matundu mawili ya soketi ile, na ufunguo ukawashwa bila ya injini kuzunguka, taa ya dashibodi huanza kumeka kwa hesabu. Ilimeka mara moja, ikapumzika, ikameka mara mbili: hiyo ilikuwa 12, yaani kompyuta ni hai na iko tayari kusema. Kisha zilifuata namba za magonjwa, kila moja mara tatu. Mathalani 44 ilikuwa na maana kwamba hewa imezidi katika mchanganyiko. Kwa kibanio cha karatasi mtu aliweza kujua lile ambalo babu yake alilijua kwa kutazama ncha ya plagi.

Soketi ile ilitoa zaidi ya kumeka kwa taa. Katika motokaa nyingi za miaka ya mwanzo ilitoa pia mfululizo wa mapigo ya umeme, 160 katika kila sekunde, yenye habari za joto la injini, mwendo wake na harufu ya moshi wake. Kompyuta za nyumbani zilipoenea katika miaka ya 1990, wapenzi wa mitambo walikaa mezani na chuma cha kulehemu, wakaunganisha transista na rezista chache, wakafanya waya wa kuyaleta mapigo hayo mpaka katika kompyuta zao. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ukalimani wa kujitengenezea.

Lakini kila kampuni ilikuwa na soketi yake na lugha yake. Fundi aliyetaka kutibu motokaa za aina kumi alihitaji vyombo vya aina kumi, navyo viliuzwa kwa bei ambayo gereji kubwa za wakala ziliweza kuilipa, na fundi mdogo hakuweza. California ilikuwa imetoa amri yake ya kwanza mwaka 1985, kwamba motokaa za mwaka 1988 na za baadaye zijichunguze zenyewe. Lakini amri hiyo haikusema soketi iwe ya umbo gani, wala lugha iwe ipi. Amri ya pili ilitolewa mwaka 1989, ikaanza kutumika kwa motokaa za mwaka 1994. Mwaka 1990 Bunge la Marekani liliieneza kanuni hiyo katika nchi nzima, likaongeza jambo kubwa: habari zinazohitajiwa ili kutengeneza sehemu zinazohusu moshi zisifichwe kwa mafundi wasio wa kampuni. Kufikia mwaka 1996 kila motokaa mpya iliyouzwa Marekani ilikuwa na soketi ya umbo moja, yenye matundu 16 katika safu mbili, chini ya dashibodi karibu na usukani. Ulaya ilifuata, kwa motokaa za petroli mwaka 2001 na za dizeli mwaka 2004.

Yafaa tulizingatie jambo hili. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya mapafu ya watu. Waliotaka hewa safi walitambua kwamba motokaa haitakaa safi miaka mingi ikiwa hapana fundi awezaye kujua imeugua wapi. Basi ulinzi wa hewa ukaleta haki ya kujua.

Hebu sasa tuitazame kazi yenyewe ya kumtengeneza mkalimani, kwa maana ni somo zuri la fizikia. Katika soketi ya matundu 16, tundu la 16 lina umeme wa betri, wala haukatiki hata ufunguo ukitolewa. Matundu ya 4 na ya 5 ni njia ya umeme kurudi. Katika motokaa nyingi za Ulaya na za Asia za miaka ile, tundu la 7 ndilo lenye waya wa mazungumzo. Waya huo hukaa kimya ukiwa na volti 12 hivi. Atakaye kusema huushusha karibu na sifuri, kisha huuacha upande tena, na kupanda na kushuka huko ndiko maneno. Kompyuta ya mezani ya wakati ule nayo ilikuwa na njia yake ya kusema, ambayo volti zake hupanda juu ya sifuri na kushuka chini ya sifuri. Ukiziunganisha mbili hizi moja kwa moja hazitaelewana, na huenda moja ikaungua. Kwa hiyo mkalimani huwekwa katikati. Kwa upande mmoja transista huushusha waya wa motokaa kila kompyuta ya mezani isemapo. Kwa upande wa pili transista nyingine husikiliza waya na kuyapeleka majibu. Na rezista ya omu 510 huurudisha waya juu kila unapoachwa. Waliokuwa waangalifu walitia pia vipande vinavyopitisha habari kwa mwanga badala ya waya, ili hitilafu ya upande mmoja isiuangamize upande wa pili. Kazi yote yatosha juu ya kibao kisichozidi kiganja cha mkono.

Mkalimani akiisha kuwa tayari, hawezi kuingia na kuanza kuuliza maswali. Kwetu mgeni mwenye adabu hupiga hodi, naye hungoja aambiwe karibu. Wahandisi waliotunga lugha ile waliweka adabu kama hiyo. Kwanza chombo hupiga hodi kwa namba maalum, polepole sana, mapigo 5 tu kwa sekunde, hata hodi nzima huchukua sekunde 2. Kompyuta ya injini hujibu kwa mwendo wa mapigo 10,400 kwa sekunde, na neno lake la kwanza hupanda na kushuka kwa kupokezana, ili msikilizaji apate kuupima mwendo wake. Kisha hutaja maneno mawili ya kujitambulisha. Mgeni hulirudisha la pili likiwa limegeuzwa, kila sifuri ikiwa moja na kila moja ikiwa sifuri. Mwenyeji naye huirudisha ile hodi ya mwanzo ikiwa imegeuzwa vivyo hivyo. Hapo ndipo mlango hufunguliwa. Hodi ikikosewa hata kidogo, mwenyeji hunyamaza. Wengi waliojitengenezea vyombo hivi walikesha usiku mbele ya motokaa iliyonyamaza, na sababu ilikuwa kosa dogo la wakati katika hodi yao.

Majibu ya kompyuta ni namba tupu, na kila namba ina kanuni yake ya kuifasiri. Ukiuliza joto la maji ya injini, hupewa namba moja, nawe huitoa 40. Basi ikijibu 130, joto ni digrii 90 za Selsiasi. Hizo 40 zimewekwa ili injini iliyolala katika baridi kali, hata chini ya sifuri, iweze pia kusomwa bila ya alama ya kutoa. Ukiuliza injini yazunguka mara ngapi kwa dakika, hupewa namba mbili: ya kwanza huzidishwa kwa 256, ya pili hujumlishwa, na jumla hugawanywa kwa 4. Ikijibu 12 na 64, fanya hesabu yako: 12 mara 256 ni 3,072, ongeza 64, upate 3,136, gawanya kwa 4, upate 784. Huo ni mwendo wa injini iliyosimama na kutulia. Hesabu ya darasani, ambayo mwanafunzi huiuliza itamfaa nini, yakutana hapa na chuma kinachozunguka.

Ugumu mmoja ulibaki. Soketi ilikuwa moja, lakini lugha zilikuwa bado kadhaa: Ford alikuwa na yake, General Motors yake, na motokaa nyingi za Ulaya na Asia zao. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Canada iitwayo Elm Electronics ilitoa kipande kimoja cha umeme, ELM327, kilichozijua lugha hizo zote na kuzifasiri kwa maandishi mepesi ambayo kompyuta yoyote yaweza kuyasoma. Mpenzi wa mitambo alihitaji kununua kipande hicho na kukizungushia vipande vingine vichache. Toleo la kwanza halikuwa limefungwa lisinakiliwe. Likanakiliwa, na nakala zake zikaenea duniani kwa bei ya chini sana, nyingine nzuri na nyingine za kudanganya. Kampuni yenyewe ilifunga milango yake mwaka 2022, lakini lugha iliyoitunga yazungumzwa bado na vyombo vingi vidogo viunganishwavyo na simu za mkononi. Wakati huo huo lugha za motokaa nazo zilikuwa zikikaribiana. Mfumo wa CAN, ambao Bosch alianza kuutunga mwaka 1983 na kuuonyesha Detroit mwaka 1986, ulifanywa kuwa wa lazima katika soketi ile kwa motokaa zote mpya za Marekani kuanzia zile za mwaka 2008.

Nyingi za motokaa zetu hapa Kenya huletwa zikiwa zimekwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Motokaa za zamani zilizotengenezwa kuuzwa Japani kwenyewe hazikufungwa na sheria ya Marekani, na kwa hiyo baadhi yake zina soketi ya matundu 16 lakini hazijibu hodi ya Kimarekani. Umbo la mlango halionyeshi lugha ya wenye nyumba. Fundi asiyelijua hili huenda akadhani kwamba kompyuta imekufa, akamgharimu mteja wake kompyuta nyingine bure.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuidhania namba kuwa ndiyo ugonjwa. Kompyuta ikiandika P0171, yasema tu kwamba hewa imezidi katika mchanganyiko. Huenda bomba la hewa limepasuka. Huenda pampu ya petroli imechoka. Huenda kipimio cha hewa kina vumbi. Fundi mvivu huisoma namba, akabadilisha kipimio cha oksijeni, akapokea fedha, na baada ya siku tatu taa ikawaka tena. Fundi mwerevu huichukua namba kama neno la shahidi: hulisikiliza, kisha huenda kutazama mwenyewe. Masikio na pua za fundi wa zamani zingali na kazi.

Tena chombo kile kile kisomacho kumbukumbu chaweza pia kuifuta. Muuzaji asiye mwaminifu huifuta asubuhi, na mnunuzi ajapo mchana huikuta taa imezimwa. Lakini waliotunga mfumo huu waliliona jambo hilo. Kumbukumbu ikifutwa, kompyuta huweka alama kwamba uchunguzi wake mwingine haujakamilika, wala alama hizo haziondoki mpaka gari liendeshwe kiasi cha kutosha. Mnunuzi ajuaye kuuliza swali hilo hadanganyiki kwa urahisi. Ajabu ni kwamba hila na dawa ya hila zapatikana kwa chombo kimoja. Tofauti ni nani aliyejifunza kukitumia.

Hata wenye viwanda wameonekana kudanganya kwa kompyuta. Mwezi wa Septemba mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen ilitia katika motokaa zake za dizeli programu iliyotambua wakati gari linapopimwa moshi, ikapunguza sumu wakati huo tu. Motokaa kama milioni 11 duniani zilihusika. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Felix Domke, Mjerumani mwenye motokaa ya aina hiyo, alieleza mbele ya mkutano mjini Hamburg jinsi alivyoichunguza kompyuta kama ile ya gari lake na kuiona hila yenyewe ndani yake. Kama watu hawangeweza kufungua na kusoma, wangebaki na neno la muuzaji tu.

Ndiyo sababu vita vya haki hii havijaisha. Mwaka 2012 watu wa jimbo la Massachusetts waliulizwa kwa kura kama wenye viwanda washurutishwe kuwapa wenye motokaa na mafundi wao habari zile zile wanazowapa mawakala. Zaidi ya 8 katika kila 10 walikubali, na mwaka 2014 wenye viwanda walifanya mapatano ya kufuata kanuni hiyo katika nchi nzima. Lakini motokaa mpya zilianza kupeleka habari zao kiwandani kwa njia ya hewa, bila ya kupitia soketi. Watu wa Massachusetts wakapiga kura tena mwaka 2020, wakashinda tena, na wenye viwanda wakaenda mahakamani. Mlango uliofunguliwa kwa sheria waweza kuachwa wazi huku nyumba ikihamishwa.

Wewe mwanafunzi usomaye insha hii, pengine hutamiliki motokaa kwa miaka mingi. Lakini utamiliki mashine nyingi zenye kompyuta ndani yake, na mkulima atakayekuja kwako kwa ushauri huenda akawa na trekta au pampu ya maji ambayo taa yake imewaka na haisemi kwa nini. Jifunze basi umeme na hesabu, ujue kusoma maandishi ya mafundi, ujue na kushika chuma cha kulehemu. Wapo watu wa kawaida waliopiga hodi mbele ya mashine iliyonyamaza, usiku baada ya usiku, mpaka ikawajibu. Nao hawakuwa na kitu ambacho wewe huwezi kukipata.